Kabla ya Historia ya Nani?

Kuna maneno matatu yamenikwama kooni kama mwiba wa samaki tangu nirudi kutoka Malta, na leo nayatema. Maneno yenyewe ni "kabla ya historia". Wasomi wanayatumia, vitabu vya shule vinayatumia, na sisi waandishi wa magazeti tunayanakili bila kujiuliza. Hebu tujiulize leo, jamani. Kabla ya historia ya nani?

Malta ni kisiwa kidogo katikati ya bahari ya Mediterania, kusini ya Sicily. Mji mkuu wake, Valletta, una Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, ndani ya jumba lililojengwa na mashujaa wa Mtakatifu Yohana mwaka 1571. Ghorofa ya chini imejaa vitu vya watu walioishi pale maelfu ya miaka kabla ya herufi yoyote kuandikwa kisiwani. Kuna vyungu, shanga, mawe yaliyochongwa michirizi inayozunguka kama konokono, na nusu ya chini ya sanamu kubwa ya mawe kutoka Tarxien, yaani sketi, miguu minene na basi. Juu hakuna kitu.

Sasa tazama hawa watu wa "kabla ya historia" walifanya nini. Wahenga wao walivuka bahari kutoka Sicily zaidi ya miaka 7,000 iliyopita, wakiwa na mifugo na mbegu. Walileta obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano lenye makali kama wembe, kutoka visiwa vya Lipari na Pantelleria, kwa kuwa kwao hakuna. Kuanzia karibu mwaka 3600 KK walijenga Ġgantija katika kisiwa cha Gozo, kwa mawe ambayo mengine yana urefu wa zaidi ya mita 5, bila chuma wala shaba. Hiyo ni takriban miaka 1,000 kabla ya piramidi kubwa la Giza. Pale Mnajdra walipanga mlango hivi kwamba siku ambayo usiku na mchana vinalingana, jua likichomoza linapenya moja kwa moja hadi ndani. Nani anaweza kusema watu hawa hawakuwa na historia? Walichokosa ni kalamu.

Najua kuna msomi ataruka hapa aniambie: kijana, tulia, hilo ni neno la kitaalamu tu, maana yake ni kabla ya maandishi. Sawa, nimekusikia. Lakini neno la kitaalamu likitoka darasani halibebi kamusi mkononi. Mwanafalsafa Hegel alifundisha Ujerumani kwamba Afrika haina historia. Mwaka 1963 profesa wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, alisema kilichopo ni historia ya Wazungu katika Afrika tu, na kingine chote ni giza. Hoja ilikuwa ile ile, kwamba asiyeandika hana la kusimuliwa. Mmalta wa miaka 5,000 iliyopita hakuandika hata herufi moja, lakini leo kajengewa makasha ya kioo yenye taa, na paa maalumu limewekwa juu ya magofu yake Ħagar Qim na Mnajdra mwaka 2009 ili mvua na jua visiyale mawe. Babu yangu naye hakuandika. Yeye akaambiwa ni giza. Mizani gani hii?

Tena angalia majina. Pale Valletta kuna kisanamu cha udongo, urefu wake kama sentimita 12 tu, cha mwanamke mnene aliyelala ubavu kitandani, mkono chini ya kichwa. Kilitoka katika Hypogeum ya Ħal Saflieni, makaburi ya chini ya ardhi yanayokadiriwa kupokea watu wapatao 7,000. Ni kitu kizuri mno, nakiri nilikirudia mara tatu. Kingine, kisicho na kichwa, kilipatikana Ħagar Qim, na wataalamu wakakibatiza "Venus wa Malta". Venus! Mungu wa kike wa Warumi, waliokuja zaidi ya miaka 2,000 baadaye! Hakuna aliyeacha maandishi kusema kisanamu kile ni mungu, ni bibi wa mtu, au ni nini. Hata neno "hekalu" ni tafsiri ya waliokuja kuchimba. Lakini kisanamu cha Ulaya kikipatikana bila maelezo kinapewa uungu na usanii. Cha Kiafrika kikipatikana bila maelezo kinaitwa cha ushirikina, na sisi wenyewe tunakuwa wa kwanza kukiogopa.

Usidhani Wamalta nao hawakudharauliwa. Jina Ġgantija linatokana na majitu. Hadithi za kale za Gozo zinasema jitu la kike ndilo lililobeba mawe yale, kwa sababu watu hawakuamini kwamba binadamu wa kawaida aliweza. Siku hizi majitu yamebadili nguo. Mwaka 2022 Graham Hancock alitumia kipindi kizima cha mfululizo wake wa Netflix kuhusu Malta, akipigia debe ustaarabu uliopotea wa zama za barafu. Yaani mkulima wa kale wa Malta aliyejenga kwa jasho lake ananyang'anywa kazi yake, anapewa mtu asiyejulikana. Mchezo huu tunaujua. Walowezi wa Rhodesia walipoiona Great Zimbabwe walitafuta kila mjenzi, wakawataja Wafoinike na hata Malkia wa Sheba, ilimradi asiwe Mshona. Gertrude Caton-Thompson alichimba mwaka 1929 akasema wazi kwamba ni kazi ya Waafrika, lakini kelele hazikuisha.

Na hapa ndipo ninapotaka tuachane na Wazungu, tujitazame sisi. Nenda Kilwa Kisiwani, urithi wa dunia tangu mwaka 1981, kisha muulize kijana yeyote aliyemaliza chuo nani alijenga ule msikiti. Wengi watajibu haraka haraka: Waarabu. Wengine watasema Washirazi. Profesa Felix Chami ametumia miaka mingi kuchimba pwani yetu na kuonyesha kwamba mizizi ya miji hii ni ya watu wa hapa hapa. Utafiti wa vinasaba uliotoka mwaka 2023 ulionyesha damu ya Kiafrika na ya Kiajemi zikichanganyika pwani kuanzia karibu mwaka 1000. Wageni walikuja, wakaoa, wakawa sisi. Lakini sisi bado tunasimulia kama kwamba babu zetu walikuwa wamekaa chini ya mwembe wakitazama wenzao wakijenga.

Malta wametufundisha kitu kimoja. Themistocles Zammit, Mmalta, daktari aliyegundua mwaka 1905 kwamba homa ya Malta huletwa na maziwa ya mbuzi, ndiye huyo huyo aliyechimba Tarxien kuanzia mwaka 1915, baada ya wakulima kugonga mawe makubwa walipokuwa wakilima. Kisiwa kilikuwa koloni la Mwingereza, lakini aliyeshika jembe na daftari alikuwa mwana wa kisiwa. Upande wa pili nao upo. Hypogeum ilipofumuliwa mwaka 1902, waliofumua walikuwa mafundi wakichimba visima vya nyumba mpya, na habari ikafichwa kwanza ili ujenzi usisimame. Padri Emmanuel Magri alichimba, akafa mwaka 1907 huko Tunisia, na daftari zake zikapotea. Vitu vilibaki, maelezo yakaenda. Kwetu kila wiki tingatinga linaingia mahali, nani anaandika lilichofukua?

Nasema na wenzangu wa vyumba vya habari. Tuache kuandika "mtafiti wa Kizungu agundua" wakati aliyeona mfupa kwanza ana jina la Kiafrika. Mvulana wa Turkana aliyepatikana mwaka 1984 aliibuliwa na Kamoya Kimeu, Mkenya, aliyefariki mwaka 2022. Wangapi kati yenu mmewahi kuliandika jina lake? Tuandike nani alichimba, nani alijenga, nani alifinyanga. Na yale maneno matatu tuyafute. Tuseme "kabla ya maandishi", inatosha, kwa Mmalta na kwa Mmakonde.

Asiyeandika naye aliishi. Anayejua kuandika leo akinyamaza, huyo ndiye wa kabla ya historia.

Nawasilisha.