Bukavu: kamba moja haitoshi kushusha tawi juu ya nyumba za watu

Msimu wa mvua unapokaribia, wakaaji wengi wa Bukavu wanaanza kutazama juu. Katika Kadutu, Bagira na Ibanda, nyumba zinabanana kwenye miteremko, na mti wa avoka wa mtu mmoja unaweza kutandaza matawi juu ya mabati ya jirani wa chini. Kuyapunguza ni jambo la busara. Hatari iko katika namna ya kuyakata.

Desturi inajulikana. Kijana anapanda na panga, anafunga kamba moja kwenye tawi, wenzake wanavuta toka chini. Tawi likikatika linakwenda linakotaka: linabembea na kurudi kwenye shina alipo mkataji, linapasua mabati, ao linaburuza wale wanaoshika kamba.

Wenye kuifahamu kazi hii wanalishika tawi kwa kamba mbili, kila moja na mahali pake pa kutegemea. Ya kwanza inapita juu kwenye panda nzima, isiyooza, na kufungwa kwenye tawi upande wa shina. Ya pili inapita kwenye panda ingine, ao kwenye mti wa pili, na kufungwa karibu na ncha. Hivi tawi linashuka likiwa limelala, bila kubembea. Chini, kila kamba inazungushwa mara mbili ao tatu kwenye shina, ili msuguano ushike uzito, siyo mikono ya watu. Mkataji naye anajifunga kamba yake ya tatu, isiyobeba tawi.

Lakini kamba mbili zikitanuka sana, hazisaidiani tena. Chukua tawi la kilo 100 lililotulia kwenye kamba mbili zinazoinama sawasawa. Pembe kati yao ikiwa digrii 60, kila kamba inavutwa na karibu kilo 58. Ikifika digrii 120, kila moja inavutwa na kilo 100, kama vile mwenzake hayupo. Na tawi likianguka kwa ghafula mbele ya kushikwa, mshtuko unazidisha mzigo huo mara kadhaa. Ndiyo maana vipande vinapaswa kuwa vidogo, na kamba zikazwe mbele ya kukata.

Wengine watasema hayo yote ni gharama. Ni kweli. Lakini bei ikipunguzwa, hatari inahamia kwa mtu mwingine. Viongozi wa mitaa wanaweza kuomba mambo matatu mbele ya kazi kuanza: jirani wa chini ajulishwe na watoto waondolewe, umeme ukatwe kama waya ziko karibu, na kamba zote tatu zionyeshwe.

Kazi ya siku nzima yenye kamba tatu inapita bei ya kazi ya saa mbili yenye kamba moja. Anayepaswa kulipa tofauti hiyo ni mwenye mti, siyo jirani wa chini wala kijana aliye juu.