Mafuta Yapandapo, Nani Alipe?

Katika toleo lililopita la gazeti letu kijana mmoja wa kidato cha tatu aliandika kwamba wenye mabasi ni wanyang'anyi. Mwisho wa muhula nauli ya kwenda kwao ilipanda ikawa mara moja na nusu ya nauli ya kawaida, na alipouliza sababu kondakta alimjibu neno moja tu: "Mafuta." Mimi niliondoka shuleni hapo zamani kidogo, na kazi yangu sasa ni kuandika hesabu katika ofisi ya mabasi, kwa hiyo neno hilo nalisikia kila siku. Hata hivyo sikuyaona malalamiko yake kuwa jambo la kuchekwa. Mwanafunzi asiyetoshewa na nauli hupanda juu ya lori la mizigo usiku, nasi sote twajua malori hayo huendeshwaje. Basi nataka kumjibu, nusu kwa kumpinga na nusu kwa kumtetea.

Hesabu za ofisi yetu ni za wenyewe, nami siwezi kuzitandaza gazetini. Badala yake nitachukua mfano wa meli kubwa za matembezi, zile zinazowachukua watu wa likizo kutoka Miami kwenda kuzunguka visiwa vya Karibi na kurudi. Kampuni zake huuza hisa kwa watu wote, na kwa hiyo sheria inazilazimisha kutangaza hesabu zao kila mwaka. Tena meli yafanana na basi kwa jambo moja kubwa. Ikiisha kung'oa nanga hunywa karibu mafuta yale yale, iwe imejaa abiria au ina watu watatu. Mwenye kulisahau jambo hili hataielewa nauli yo yote duniani.

Tuanze na meli moja iliyouawa na mafuta, kisha ikafufuka. Wafaransa walikuwa na meli iliyoitwa France, yenye urefu wa mita 316, ambayo ilianza safari zake za New York mwaka 1962. Ilikwenda mbio sana kwa nguvu za mvuke, ikisukumwa na rafadha nne, na serikali ya Ufaransa ilikuwa ikiisaidia kwa fedha kila mwaka, maana abiria wengi walikuwa wamekwisha hamia katika ndege. Mwaka 1973 pipa moja la mafuta lilikuwa karibu dola 3. Mwanzo wa mwaka 1974 lilikaribia dola 12. Serikali ikaona haiwezi kuubeba mzigo huo, ikakata msaada wake. Mwezi wa Septemba mwaka ule mabaharia waliiteka meli yao wenyewe, wakaisimamisha penye mlango wa bandari ya Le Havre ili kupinga kuachishwa kazi. Haikusaidia. Meli ikafungwa bandarini miaka karibu mitano, nzima, haina kazi.

Mwaka 1979 Mnorwe mmoja, Knut Kloster, aliinunua. Akaiita Norway, akaipeleka Miami kwa safari za matembezi. Lakini kwanza alifanya jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi wa fizikia alifikiri: aliondoa rafadha mbili katika zile nne. Watu wa likizo hawana haraka ya kufika, maana hawaendi po pote. Wanazunguka tu na kurudi walikotoka. Kwa nini basi kuchoma mafuta ili kuwahi?

Na akiba yake si ndogo. Meli itakayo kwenda mara mbili ya mwendo wake haidai nguvu mara mbili, bali karibu mara nane, kwa kuwa maji huzidi kuipinga kadiri inavyozidi kukimbia. Ni kweli itafika kwa nusu ya muda, lakini bado itakuwa imeteketeza mafuta mara nne kwa safari ile ile. Ikipunguza mwendo kutoka maili 20 za baharini kwa saa mpaka 18, mafuta ya kuisukuma katika safari hiyo hupungua karibu sehemu moja katika tano. Anayebisha na achukue kalamu. (Dereva wa basi naye angefaidika na hesabu hii, lakini sijapata kumwona dereva wa mwisho wa muhula anayeisikiliza.) Hata hivyo njia hii ina mwisho wake. Meli ya matembezi ni hoteli inayoelea. Taa, majiko na mitambo ya kupoza vyumba hula mafuta hata meli ikiwa imesimama.

Sasa niseme habari ya mwaka 2008, kwa kuwa ndiyo inayotugusa zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2007 mafuta yalikuwa yakipanda, na kampuni ya Carnival ikatangaza kwamba kuanzia Februari 2008 itatoza nyongeza ya mafuta, dola 5 kwa siku kwa kila mmoja wa abiria wawili wa kwanza katika chumba. Mume na mke wakisafiri siku 7, nyongeza yao ni dola 70. Royal Caribbean nayo ikafanya vivyo hivyo. Abiria wapya hawakuwa na la kusema sana, maana waliiona bei wakachagua wenyewe. Waliokasirika ni wale waliokuwa wamekwisha weka nafasi zao kwa bei waliyoambiwa, kisha wakaletewa deni jipya juu yake. Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Florida aliliingilia jambo hilo, na mwaka ule ule wa 2008 kampuni hizo zilikubali kuwarudishia watu hao mamilioni ya dola.

Mwezi wa Julai 2008 pipa la mafuta lilifika dola 147, na nyongeza ikapandishwa tena. Halafu bei ikaporomoka. Mwezi wa Desemba pipa lilikuwa chini ya dola 40. Hapa ndipo ninapotaka wasomaji watulie kidogo. Kabla mwaka haujaisha kampuni zilikuwa zimeanza kutangaza kuiondoa nyongeza hiyo. Je, zilifanya hivyo kwa wema? Sidhani. Ziliiondoa kwa sababu nyongeza ilikuwa imeandikwa peke yake katika karatasi, kwa jina lake na kwa kiasi chake, na kila abiria aliyesoma gazeti aliweza kuuliza, "Mafuta yameshuka, mbona hii ingalipo?" Kilichopanda kwa jina huweza kushushwa kwa jina. Kilichopanda bila jina hukaa palepale mpaka tukakizoea.

Jambo la pili la mwaka ule ni kiasi chenyewe. Mafuta yote ya Carnival katika mwaka 2008, mwaka wa bei kali namna ile, yalikuwa kama sehemu moja katika nane ya mapato yake. Zilizobaki zilikwenda katika mishahara, chakula, matengenezo, mawakala na madeni, na sehemu nyingine ikabaki kuwa faida. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mafuta yamepanda mara mbili na kwa sababu hiyo nauli lazima ipande mara mbili, amekudanganya, au hajui kugawanya.

Wala kampuni haiwezi kupandisha bei ipendavyo. Chumba kitupu hakiwezi kuwekwa ghalani kiuzwe wiki ijayo, na mafuta ya kukizungusha baharini yamekwisha ungua. Ndiyo maana siku za karibu na safari vyumba visivyouzwa huweza kushushwa bei hata wakati mafuta ni ghali, kwa matumaini kwamba abiria akiisha ingia atanunua vinywaji na matembezi ya bandarini. Mzigo wa mafuta basi hutafutiwa mahali pengine. Kampuni nyingine, kama Royal Caribbean, hufunga mapema bei ya sehemu ya mafuta ya siku zijazo, kama mkulima anayeuza mahindi yake yangali shambani. Carnival kwa miaka mingi haikupenda mchezo huo. Nyingine zimevuta bandari karibu. Mwaka 2025 Carnival ilifungua mahali pake pa kupumzikia katika kisiwa cha Grand Bahama, karibu kabisa na Florida, na moja ya sababu zilizotolewa waziwazi ilikuwa kuokoa mafuta. Abiria haoni ongezeko lo lote katika tiketi, ila safari yake imefupishwa. Naye mwenye duka katika bandari ya mbali, aliyekuwa akingoja meli hizo, haandikiwi barua na mtu.

Nisipoitaja meli moja zaidi wenzangu wa zamani watanilaumu, kwa kuwa ilibeba jina la nchi yetu. Meli ya Uganda ilijengwa Glasgow, ikamalizika mwaka 1952, ikawa inatoka London kwa njia ya Suez mpaka Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Kazi hiyo ilipokwisha haikutupwa. Mwaka 1968 ilianza kuwachukua wanafunzi wa Uingereza katika safari za masomo, zaidi ya 900 kwa mara moja, wakilala katika mabweni na kusoma katika madarasa yaliyokuwa ndani ya meli. Naikumbuka kila niandikapo hesabu, maana siri ya safari nafuu ni ile ile: gawa gharama ya chombo kwa watu wengi waliokwisha jiandikisha mapema, wala usiwabembeleze kwa vitanda vya anasa.

Turudi barabarani. Mafuta yetu hushushwa Mombasa, kisha hupita Kenya yote kabla ya kutufikia, na mtu akikohoa njiani sisi ndio tunaougua. Mwezi wa Januari 2008 ghasia za uchaguzi wa Kenya ziliifunga njia hiyo. Mwezi wa Januari 2022 malori yalikwama mpakani kwa ugomvi wa kupima madereva ugonjwa wa Korona, na mahali pengine petroli ilifika shilingi 10,000 kwa lita. Siku kama hizo kondakta anayesema "mafuta" anasema kweli, na mwanafunzi anayemwita mnyang'anyi anamdhulumu.

Lakini mwisho wa muhula uliopita hapakuwa na ghasia wala mpaka uliofungwa. Naomba tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mafuta ni theluthi moja ya gharama za basi. Dizeli ikipanda kwa 30 katika 100, gharama yote imepanda kwa 10 katika 100. Nauli ya shilingi 30,000 inakuwa 33,000. Kijana wetu alitozwa 45,000. Hizo 12,000 zilizobaki si mafuta. Nitamwambia ni nini, ingawa wenzangu ofisini hawatapenda. Sehemu yake ni safari ya kurudi: siku shule zinapofunga mabasi huenda yamejaa na kurudi matupu, na nimekwisha sema kwamba basi tupu hunywa kama lililojaa. Hiyo ni gharama ya haki. Sehemu nyingine ni kwamba wanafunzi wote wanataka kuondoka asubuhi moja, na mwenye basi analijua hilo. Hiyo si gharama. Hiyo ni nafasi aliyoiona akaitumia. Kosa lililonichukiza mimi si kutoza zaidi kwa siku ngumu. Ni kuvika yote hayo joho moja la mafuta, ili mtu asiweze kuuliza, na ili mafuta yakishuka pasiwe na cha kushushwa.

Kwa hiyo simwungi mkono kijana wetu anapotaka serikali iweke nauli moja mwaka mzima. Ikiwekwa chini mno, siku ya kufunga shule mabasi hayataonekana, nasi tutawapa faida wenye malori. Ninalotaka ni dogo zaidi, na laweza kufanywa na wanafunzi wenyewe. Viranja waandike majina ya wasafiri wa kila upande wiki tatu kabla ya kufunga, waende nayo kwa wenye mabasi wawili au watatu, wakapatane bei juu ya karatasi. Karatasi hiyo itaje bei ya dizeli ya siku ile. Dizeli ikibadilika kabla ya safari, nauli ibadilike kwa theluthi ya badiliko hilo, kwenda juu au kwenda chini, na kiasi hicho kiandikwe peke yake katika tiketi. Gharama ya kurudi tupu nayo itajwe kwa jina lake. Mwenye basi atafurahi zaidi ya mnavyodhani, maana viti 60 vilivyolipiwa mapema vina thamani kuliko viti 60 vya kugombaniwa stendi.

Wengine watasema wenye mabasi hawatakubali kusaini karatasi ya watoto. Mwaka jana shule moja ya wasichana katika wilaya yetu ililetea ofisi yetu karatasi kama hiyo, ikiwa na majina 114 na muhuri wa mwalimu mkuu. Bwana mkubwa aliisoma mara mbili, akauliza nani aliyewafundisha, kisha akasaini. Viranja wakipenda, mhariri na anitumie majina na vituo vyao kabla ya katikati ya muhula, nami nitawapangia hesabu bila malipo. Ila wawe wamejua kwanza bei ya dizeli ya siku hiyo, maana hilo ndilo swali la kwanza watakaloulizwa.