Sumu Iliyovunjika Bado ni Sumu

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria wasiingie katika masoko yake, kwa kuwa baadhi ya watu walikuwa wakivua kwa kumwaga viuatilifu majini. Viwanda vya minofu vya Tanzania, Kenya na Uganda vikakosa soko hilo, na mvuvi mwadilifu akaadhibiwa pamoja na mkosaji. Zuio liliondolewa baadaye. Lakini tulipowalaani wavuvi wale, wachache tuliuliza sumu ile ilitengenezwa kwa ajili ya nini. Ilikuwa dawa ya shambani.

Mojawapo ni endosalfani, iliyotumika sana katika pamba. Kwa samaki walio wepesi kudhurika, gramu moja yake katika lita milioni moja za maji yaweza kuua nusu yao ndani ya siku nne. Hupenya kwa njia ya matamvua na kushambulia mishipa ya fahamu.

Wengi hudhani dawa ikipigwa na jua na mvua huisha nguvu. Endosalfani huvunjika kweli, ila kwa njia zaidi ya moja. Katika maji yenye hali ya magadi huzaa endosalfani dioli, ambayo kwa samaki ni hafifu mno. Udongoni, vijidudu huigeuza kuwa endosalfani salfeti; na mwana huyu hukaribia kulingana na mzazi wake kwa ukali, tena huishi kuliko yeye. Masika yakisomba udongo huo hadi mtoni, samaki hupokea sumu ambayo hakuna mkulima aliyeinunua kwa jina hilo. Mpimaji anayetafuta tu jina lililoandikwa kwenye kopo aweza kusema maji ni safi.

Mwaka 2011 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm ziliiweka endosalfani katika orodha ya kemikali za kukomeshwa. Uamuzi mwema, ingawa ulichelewa. Hata hivyo, dawa za viwandani zinazoiga pareto, ambazo husifiwa kuwa na madhara madogo kwa binadamu, nazo ni kali mno kwa samaki. Anayesuuza bomba lake kijitoni hajabadili kitu kwa kubadili kopo.

Basi, jumuiya ndogo ndogo zilizo kandokando ya mito zimwalike bwana shamba, nazo zimwulize waziwazi: dawa hii ikivunjika huwa nini? Na maji ya kusuuzia bomba yarudishwe shambani, yapuliziwe juu ya zao lilelile, mbali na mto.