Tuulize kabla ya kuyabomoa makanisa ya misheni

Ni jambo la kusikitisha kwamba kila parokia inapopata fedha kidogo za ujenzi, wazo la kwanza huwa ni kubomoa. Ukuta wa mawe uliojengwa na waumini wa kwanza huonekana umechakaa, madirisha huonekana ya kizamani, na paa huitwa aibu. Kamati huketi, mchango hutangazwa, fundi huitwa na nyundo huanza kazi. Ni nadra sana kumsikia mtu akiuliza: je, tuna ruhusa ya kuligusa jengo hili?

Nayaandika haya nikiwa Lorugum, magharibi mwa Lodwar, katika njia iendayo Lokiriama na mpaka wa Uganda. Najua wasomaji wa pwani watatabasamu wakisikia nikiliita kanisa la miaka ya 1960 kuwa la kale. Kwao, mambo ya kale ni Rabai, ambako Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walianzisha misheni mwaka 1846. Lakini kila nchi huhesabu umri kwa mizani yake. Serikali ya kikoloni iliifanya Turkana kuwa wilaya iliyofungwa, na mgeni hakuingia bila kibali. Wamisionari wa Shirika la Mtakatifu Patrick, maarufu kama Wakiltegan, walifika mwaka 1961 wakati wa njaa kubwa. Lodwar ikapewa hadhi ya prifekti mwaka 1968, kisha ikawa jimbo kamili mwaka 1978. Katika vituo vingi vya wakati ule, chakula cha njaa, dawa na masomo ya kwanza vilitolewa karibu na kanisa. Kwa hiyo anayebomoa ukuta ule habomoi mahali pa sala tu; anararua ukurasa wa historia ambao haujanakiliwa popote.

Wako wanaodhani kwamba sheria hailitambui jengo changa. La, hasha! Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inasema kwamba jengo la umri wowote laweza kutangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, mradi liwe na thamani ya kihistoria, kitamaduni au ya usanifu. Waziri hushauriana na Makavazi, tangazo hutolewa katika gazeti rasmi la serikali, na wenye pingamizi hupewa miezi miwili. Aidha, Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka anayejenga au kubadilisha jengo apate kwanza idhini ya serikali ya kaunti. Tatizo ni kwamba sheria ya turathi hulinda hasa kile kilichokwisha kutangazwa. Kanisa ambalo hakuna aliyelipendekeza halina mtetezi siku fundi anapofika na nyundo.

Wala si serikali peke yake inayodai ruhusa. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 zinakataza picha na sanamu takatifu zenye thamani ya kale au ya sanaa kukarabatiwa bila kibali cha maandishi cha askofu, naye hana budi kuwauliza wataalamu kabla ya kukitoa. Hekima yake ni dhahiri. Nia njema haitoshi kumfanya mtu awe fundi. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwa mfano, inajulikana kwamba saruji ikipakwa juu ya ukuta wa chokaa na mawe ya matumbawe, hufungia unyevu ndani na kuuharibu ukuta uleule uliokusudiwa kuokolewa.

Hata hivyo, sitakuwa mwadilifu nikiyapuuza malalamiko ya upande wa pili. Nimewahi kuketi katika kikao cha ujenzi cha kanisa moja katika kaunti hii, nikamsikia mzee akiuliza kwa uchungu: "Mvua itangoja barua?" Swali lake lina uzito. Ruhusa inayochelewa inaweza kuua jengo kama nyundo inavyoliua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao ufa haujui saa za ofisi. Beit al-Ajaib ya Zanzibar imo katika mji ulioingizwa kwenye orodha ya turathi za dunia mwaka 2000, lakini sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu wakapoteza maisha. Jina katika orodha halizuii dari kuanguka.

Basi dawa ni nini? Tuwatazame Waanglikana wa Uingereza, ambao wana maelfu ya makanisa ya kale. Wao hugawa kazi katika mafungu matatu. Matengenezo madogo ya kawaida hayahitaji kibali chochote. Ya kadiri huhitaji barua ya shemasi mkuu. Mabadiliko makubwa ndiyo hupelekwa mbele ya jaji wa dayosisi, baada ya kamati ya washauri kutoa maoni yake na tangazo kubandikwa hadharani kwa siku 28 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kwa ufupi, kuziba tundu la paa ni jambo la haraka. Kuling'oa paa zima ni jambo la kufikiriwa.

Naona mpango kama huo unatufaa. Kaunti ya Turkana, kwa kushirikiana na Makavazi na viongozi wa makanisa, iandike orodha ya majengo ya misheni kuanzia Lodwar hadi Lorugum na Kakuma. Maombi yapokelewe Lodwar, si Nairobi. Ziwekwe siku maalumu za kujibu, na matengenezo ya dharura yaruhusiwe mara moja, mradi picha zipigwe kabla na baada ya kazi.

Asije mtu akadai kwamba kuomba ruhusa ni ugeni. Kando ya mto Turkwel, miti ya malisho ya kiangazi ina wenyewe. Eneo hilo huitwa ekwar, nalo hurithiwa ndani ya ukoo. Mgeni hakati tawi wala haingizi mbuzi wake pale kabla ya kuzungumza na mwenyewe. Hakuna anayeiona desturi hiyo kuwa urasimu. Wote wanajua kwamba ndiyo iliyouacha mti usimame hadi kiangazi kifuatacho. Ikiwa mti wa malisho unastahili heshima hiyo, je, jengo lililomlea mzazi wako wakati wa njaa halistahili?

Kwenu walimu na wanafunzi nina ombi mahsusi. Msingoje orodha ya serikali. Chama cha historia cha shule kichukue kamba ya kupimia, daftari na kamera, kiende katika kanisa la karibu. Pimeni kuta, choreni ramani, andikeni kila nakshi na kila maandishi ya ukutani. Waulizeni wazee ni nani aliyebeba mawe, yalichimbwa wapi, na fundi alilipwa nini. Nakala moja iwekwe shuleni, ya pili parokiani, ya tatu ipelekwe katika ofisi ya utamaduni ya kaunti. Siku kamati itakapoketi kuzungumzia ukarabati, karatasi hizo zitakuwa mezani, na mwenye kutaka kubomoa atalazimika kueleza mbele ya watu ni kitu gani hasa anachokiondoa.

Sipingi kanisa kupanuliwa. Waumini wameongezeka, na nyumba ya sala si jumba la makumbusho. Ninachodai ni kwamba swali litangulie nyundo. Wazee waliobeba mawe yale wangali hai baadhi yao, nasi tunaweza kuwauliza leo. Wakiisha kuondoka, tutabaki na kuta pekee za kutusimulia, ikiwa tutakuwa tumeziacha zisimame.