Kumlaki Mhubiri na Kumbeba



Katika vijiji vya mwambao wetu huu, toka Bunju kupita Mapinga na Kerege hata Bagamoyo mjini, limeingia neno jipya. Zamani Mkristo akirudi safari aliulizwa, "Umesikia nini?" Siku hizi aulizwa, "Umemwona nani?" Akiwa amemwona mhubiri mwenye jina, akamgusa mkono, akapigwa picha pamoja naye, basi huyo ahesabiwa kuwa mtu wa neema, na ile picha yatembezwa katika simu nyumba kwa nyumba, hata muuza maji aiona. Nasi twasema kwamba neno hili ni baya, tena lina hasara. Na kwa kuwa hapa kwetu kamati imekwisha kaa na kukata shauri la kuchangisha fedha ili mhubiri mmoja mkubwa aletwe kijijini, hatuwezi kunyamaza tena.

Kwanza yatupasa kuungama, kwa maana sisi tusemao tulifanya yale yale.

Kwa muda wa miaka tisa tuliipenda sauti ya mhubiri mmoja, ambaye jina lake hatulitaji. Tulimsikiliza redioni jioni huku tukisahihisha madaftari ya watoto, na mara nyingi kalamu ilisimama mkononi kwa utamu wa maneno yake. Hata siku moja tukasikia kwamba atahubiri mjini. Tukafunga safari, nasi tulikuwa na swali. Katika darasa letu alikuwako mtoto aliyefiwa na mama yake, naye alitusimamisha katikati ya somo akauliza kama Mungu hakumsikia alipoomba, au kama yeye ndiye aliyeomba vibaya. Hatukujua la kumjibu. Tulimwambia akae chini, tukaendelea na hesabu, na jambo hilo lilituchoma usiku mwingi. Basi tukaliandika swali lile katika karatasi, tukaliweka katika mfuko wa shati, tukasema moyoni kwamba mtu yule bila shaka atalijua.

Mahubiri yalikuwa mema, hatusemi uongo. Lakini alipoteremka jukwaani watu walimwendea kama maji yaliyobomoa ukingo, nasi tulisukuma kama wengine, tena kwa viwiko. Tulipomfikia alitushika mkono, akatazama simu iliyokuwa juu ya bega letu, akasema, "Ubarikiwe." Tukasema, "Amina." Tukasukumwa mbele. Tukarudi kijijini na picha, na siku mbili nzima tuliionyesha.

Ndipo akaja katekista wetu, mzee aliyepita miaka sabini, akatuuliza kwa upole, "Mwalimu, amekwambia nini juu ya yule mtoto?" Karatasi ilikuwa bado mfukoni. Baadaye tulipata habari kwamba siku ile ile tuliyokuwa tukisukumana mjini, mzee huyu alikwenda kwa baiskeli yake mpaka nyumbani kwa bibi yake yule mtoto, akaketi nao mpaka jua likashuka. Alimwambia nini hatujui. Hakutuambia, nasi tuliona haya kuuliza. Twajua tu ya kuwa mtoto alirudi kuimba na wenzake.

Wako ndugu watakaotujibu. Watasema, "Je, Zakayo hakupanda mkuyu ili amwone Bwana? Na yule mwanamke mgonjwa hakugusa upindo wa vazi?" Ni kweli. Lakini Zakayo alishuka mtini akafungua mfuko wake kwa maskini na kwa watu aliowadhulumu; hatusomi kwamba alikaa juu ya mkuyu akijisifu kwamba ameona vizuri kuliko wenziwe. Tena hao walimwendea Bwana mwenyewe, wala si mjumbe wake. Wajumbe, walipofanyiwa hivyo, walifanyaje? Kornelio alipomwangukia Petro miguuni, Petro alimwinua, akamwambia kwamba yeye naye ni mwanadamu. Na watu wa Listra walipotaka kuwachinjia Paulo na Barnaba ng'ombe, mitume hao walirarua mavazi yao kwa uchungu. Twauliza, ni wahubiri wangapi wa leo wanaorarua koti wakisifiwa?

Wala hasara tunayoitaja si ya fedha peke yake. Tarehe 1 Februari, 1920 na 100 ikiongezwa, yaani mwaka 2020, katika uwanja mmoja wa mji wa Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana, walipokuwa wakikimbilia kupita juu ya mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Walikuwa watu kama sisi. Walitoka nyumbani wakiwa wazima ili kumwona mhubiri. Hatuwalaumu marehemu. Sisi pia tulisukuma kwa viwiko, na uwanja wetu ungalikuwa na mlango mwembamba, Mungu ajua.

Sasa na tutazame mambo ya hapa hapa petu, kwa maana Bagamoyo ina fundisho kubwa juu ya jambo hili, nasi twapita karibu nalo kila siku bila kulisoma.

Katika misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, uko mnara wa kanisa la zamani uitwao kwa jina la Livingstone. Wageni waja kuutazama. Wenyeji wengi hudhani kwamba Livingstone alikuja Bagamoyo, akasimama pale akahubiri. Sivyo. Safari yake ya mwisho alianzia Mikindani, mwaka 1866. Bagamoyo aliletwa akiwa maiti, mwezi wa Februari 1874, na mwili wake ulilala misheni kabla ya kuvushwa bahari kwenda Unguja. Basi fundisho la mnara ule si la aliyekuja, ni la waliomleta.

Wako watu wawili, au tuseme namna mbili za watu, waliotoka Bagamoyo kwenda kuonana na mzee huyo. Wa kwanza ni Stanley, mwandishi wa gazeti, aliyeondoka hapa mwaka 1871 na wapagazi wengi akamkuta Ujiji. Salamu aliyosema siku ile yajulikana dunia nzima, hata kwa watu wasiojua Ujiji iko upande gani. Akakaa naye miezi kama minne, akarudi pwani, akaandika kitabu, akapata jina. Tusimwonee: alimpelekea mzee vitu na dawa wakati wa shida kubwa, na baada ya kurudi alimtafutia watu wa kumsaidia. Lakini yeye ndiye baba wa wote waliomwona mtu mkubwa wakarudi na habari ya kuonana.

Wa pili ni hao watu waliotafutwa Unguja, 57 kwa hesabu, walioondoka Bagamoyo mwezi wa Mei 1872. Kati yao walikuwamo vijana waliosomeshwa katika shule ya misheni ya Nassick huko Bara Hindi, Waafrika waliookolewa utumwani wakiwa watoto: Jacob Wainwright, Mwyao, na Matthew Wellington, na wengine. Bila shaka jina la Livingstone walilijua tangu shuleni, kwa maana wenzao wengine wa shule ile ile walikwisha kufuatana naye mwaka 1866. Basi walikwenda kuonana na mtu waliyemsikia siku nyingi.

Wakamkuta nini? Mwezi wa Agosti walifika Unyanyembe, wakamwona mzee wa miaka 59, aliyedhoofishwa na ugonjwa wa tumbo. Wala hakuwa na sababu ya kuwapokea kwa nderemo, kwa kuwa wale vijana wa Nassick wa kwanza alikuwa amewaandika kwa maneno makali katika kitabu chake cha safari, kwamba ni wavivu. Na kama mtu angalimpima kwa hesabu ya waongofu, kama tunavyowapima wahubiri leo kwa wingi wa viti na vipaza sauti, angalicheka. Katika miaka yote ya uhubiri wake aliyebatizwa naye kwa kujulikana ni mmoja tu, Sechele, mfalme wa Wakwena, mwaka 1848, na huyo naye baadaye alionekana ameanguka. (Ingawa Sechele huyo huyo aliwafundisha watu wake Neno la Mungu kwa miaka mingi, kuliko mwalimu wake, lakini hiyo ni habari nyingine, yafaa iandikwe siku yake.) Huyo ndiye mhubiri waliyemkuta. Hakuwa na jukwaa. Alikuwa na safari ya kwenda katika matope ya Bangweulu.

Nao walikwenda naye. Hata nguvu zilipomwishia walimbeba mabegani katika maji na mvua, na mwezi wa Mei 1873 alipokufa katika kijiji cha Chitambo hawakumtupa. Walizika moyo wake chini ya mti, Jacob Wainwright akasoma ibada ya maziko, akachonga maandishi katika gome. Mwili waliutia chumvi, wakaukausha juani, wakaufunga katika gome la mti na kitambaa cha tanga, wakaubeba maili zaidi ya 1000. Njia hiyo iliwachukua miezi kama tisa, na wengine walikufa humo humo. Walipofika Unyanyembe, Mwingereza mmoja, Luteni Cameron, aliwashauri wauzike pale. Wakakataa. Penye watu waliokataza maiti kupita, walifanya kama kwamba wamegeuka kuirudisha, kisha wakaifunga mfano wa mtumba wa nguo, wakapita. Kila mtu wa pwani ajuaye jinsi watu wanavyoogopa maiti isiyo ya kwao, na atafakari hayo.

Tena yasikieni haya, ninyi msemao kwamba kuwa karibu na mtumishi wa Mungu ndiko kuongoka. Wakuu wa msafara ule walikuwa Susi na Chuma. Susi alikaa na Livingstone miaka mingi, akamhudumia, akamzika moyo, akamleta Bagamoyo, na siku zote hizo hakuwa Mkristo. Alibatizwa mwaka 1886, akaitwa Daudi, miaka 12 baada ya kuutua mzigo ule. Neema ilikuja kwa wakati wake, haikuja kwa kugusana mikono.

Walipotua mzigo pale Bagamoyo walilipwa ujira wao, wakaambiwa kwaherini. Jacob Wainwright peke yake alifuatana na jeneza, kwa nauli iliyolipwa na misheni, akasimama London katika kanisa la Westminster siku ya maziko, 18 Aprili 1874. Susi na Chuma waliitwa baadaye, maziko yamekwisha. Nishani zilifanywa Uingereza kwa ajili ya wachukuzi, lakini wengi hawakuzipata, kwa kuwa walikwisha kutawanyika. Chuma alikufa mwaka 1882, Susi mwaka 1891, Jacob alikufa Urambo mwaka 1892, na Matthew Wellington aliishi Mombasa hata uzee mkubwa, akafa mwaka 1935. Mnara una jina la aliyebebwa. Mlango mmoja wa kanisa la pwani una maandishi kwamba Livingstone alipita hapo. Waliomshika pande zote akipita, majina yao ni machache mno yaliyojulikana, na mtoto wa darasa la sita hapa Bagamoyo tukimwuliza habari za Chuma, afikiri twataka chuma cha kuuza.

Sasa turudi kwa kamati yetu.

Tumeisoma orodha ya mahitaji iliyobandikwa mlangoni. Yako maturubai, liko jukwaa, viko vipaza sauti na mafuta ya jenereta, iko nyumba ya wageni ya kulaza watu wanane, kwa kuwa mhubiri haji peke yake. Iko na bahasha, ambayo kiasi chake hakikuandikwa. Kila nyumba imepangiwa fungu lake, hata nyumba ya mjane. Hatumwambii mtu asimpende mhubiri. Sisi bado twampenda yule wetu, na jioni twafungua redio. Twauliza jambo moja tu: akija, tutamwuliza nini, na akiondoka tutabeba nini? Kamati haikuweka saa ya maswali. Imeweka saa ya picha.

Katekista wetu ana vigango vitatu, cha mbali ni mwendo wa saa mbili kwa baiskeli wakati wa kiangazi, na wakati wa masika ni mwendo wa kuiburura. Hana mshahara, hupewa mihogo, na nazi wakati wa kuangua. Mwaka huu tairi la nyuma limepasuka, amelishona kwa uzi wa nyavu. Twawaheshimu wazee wa kamati, wengine ni baba zetu, wametulea. Lakini baba zetu na watuwie radhi, hatukuliona tairi hilo katika orodha.

Mzee mmoja wa kamati alitujibu barazani, "Mwalimu, katekista tunaye siku zote." Neno lake ni kweli, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Kwa kuwa tunaye siku zote, ndiyo sababu hatumwoni.

Fungu letu sisi, shilingi elfu kumi, tumelitoa Jumapili iliyopita, na juu ya bahasha tuliandika, "Tairi la baiskeli ya katekista." Mweka hazina aliirudisha jioni ile ile, akasema hakuna safu ya jina hilo katika daftari lake. Jumapili hii tutaipeleka tena, na pamoja nayo rula, ili tumsaidie kuipiga mstari hiyo safu.