Mwacheni Muuza Madafu Apite

Imekuwa fasheni siku hizi. Ukikaa kijiweni, ukipanda daladala, humkosi mtu wa kulalama: eti baiskeli zimezidi Dar es Salaam, zinatuingilia njia ya waenda kwa miguu, zipigwe marufuku mjini. Na wanaosema hivyo si wazito wenye magari. Ni sisi sisi walalahoi, tunaokata mguu kutoka Manzese mpaka Kariakoo kwa kukosa nauli.

Hebu tuulizane, wenzangu. Zipigwe marufuku ziende wapi?

Mchukueni muuza madafu. Baiskeli yake Phoenix, keria ya chuma, na madafu yamepangwa juu yake kwa ustadi ambao injinia mwenye digrii angeuonea wivu. Mzigo ule ukishakolea mwendo hausimami upesi kwa vile vipande vya mpira tunavyoviita breki. Mtoeni pembeni mumtupe kwenye lami, atakuwa ubavuni mwa fuso ambalo dereva wake ameruhusiwa spidi 50 mjini na anakwenda apendavyo. Muuza madafu akikugonga wewe mtatukanana, pengine utachechemea siku mbili. Fuso likimgonga yeye, hakuna wa kutukanana naye.

Najua, bibi kizee akiangushwa na baiskeli anaweza kuvunjika nyonga, na hilo si jambo dogo. Ndiyo maana yule kijana anayepiga kengele kama anafukuza kuku mimi simtetei. Penye watu wengi ashuke, akokote. Mwenda kwa miguu ndiye mwenye haki ya kwanza pale, basi. Lakini tabia mbaya ya kijana mmoja siyo sababu ya kumnyima njia muuza mkate, muuza samaki wa Feri na fundi anayewahi kazini.

Sasa tazameni Barabara ya Morogoro. Mwendokasi ulipoanza mwaka 2016, kandokando yake palikuwa pameshajengwa njia ya miguu na njia ya baiskeli. Mwaka 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, la kwanza kuipata Afrika. Tukapigiwa makofi! Haya, nendeni leo pale Magomeni mkaone ni nani yumo ndani ya njia ile. Bodaboda zinakwepa foleni. Gari limeegeshwa, matairi mawili juu, mawili chini, mwenyewe anakula chipsi. Mwendesha baiskeli akikuta njia yake imezibwa anahamia kwako. Wewe unamtukana yeye. Mwenye gari anaendelea na chipsi zake, wala hajui kama kuna ugomvi.

Hapo ndipo ninapochoka na sisi. Tunagombania mita moja, tumewaachia wenzetu zile ishirini.

Mwaka 2021 wamachinga walihamishwa kando ya barabara, tukaambiwa njia zile ni za waenda kwa miguu. Sawa. Mbona sikuona gari hata moja lililopanda kando likihamishwa kwa nguvu ileile?

Na sisi waandishi chipukizi tusijitie hamnazo. Miswada tunayopeana kusoma, shujaa lazima aje na Benzi. Baiskeli ni ya mjomba aliyetoka kijijini, tumcheke. Kweli kabisa, jiji zima linanyweshwa madafu na watu wa baiskeli, halafu katika hadithi zetu hawana hata jina! Tusishangae basi wanaochora ramani za barabara nao wakiwasahau. Wamesoma shule zilezile tulizosoma.

Dawa yake wala si ya kutafuta Ulaya. Nguzo fupi za zege zikisimikwa kila mahali njia ya pembeni inapokutana na barabara, gari haliingii, baiskeli inapita, na mama mwenye mtoto mgongoni anapita. Saruji ipo Wazo Hill hapo, na vijana wa kuchanganya zege wamejaa tele. Bodaboda itapenya, najua. Hiyo ni kazi ya trafiki, na kwa hili hawahitaji kujibanza kichakani na tochi yao. Wasimame tu Magomeni saa 12 jioni, watazikamata mpaka wachoke.