Mtu Mzima na Farasi wa Kwanza

Mtoto wa Mumosho humjua farasi katika vitabu kabla ya kumwona kwa macho, na wengi wetu huzeeka bila kumgusa. Ng'ombe na mbuzi wamezoea vilima vyetu juu ya mto Ruzizi, lakini farasi amebaki mgeni. Sababu si uvivu wa wazee wetu. Maradhi mawili humwinda mnyama huyu barani Afrika: nagana, iletwayo na mbung'o, na ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, uenezwao na visubi. Katika miaka ya 1854 na 1855 ugonjwa huo uliua farasi karibu 70,000 katika nchi ya Rasi, kusini mwa Afrika. Siku hizi iko chanjo. Tena mfugaji mwenye busara humwingiza farasi bandani kabla jua halijatua, kwa maana visubi huuma hasa usiku.

Hata hivyo, kazi na masomo huwapeleka ndugu zetu Kenya, Ethiopia na Ulaya, ambako mtu aweza kukaribishwa kupanda farasi hali ana watoto nyumbani. Na ajue basi mambo ya kwanza.

Farasi ni mnyama mwoga. Macho yake yako kando ya kichwa, naye huona karibu pande zote, isipokuwa nyuma yake kabisa na mbele ya pua. Kwa hiyo usimjie kwa nyuma. Mwendee penye bega, ukisema naye kwa sauti ya upole. Desturi ni kumpanda kwa upande wa kushoto. Ukisha kukaa juu ya tandiko, nyosha mgongo, shusha visigino katika vikuku, utazame mbele, si chini. Hatamu uishike kwa wepesi, kwa maana lijamu imo kinywani mwake, na kila mvuto humwuma. Anza kwa mwendo wa pole. Matiti na shoti zina siku yake.

Ugumu wa mtu mzima ni hofu. Mtoto huanguka akacheka. Baba huwaza mfupa uliovunjika na chakula cha jamaa yake. Hofu hiyo ina haki, nayo humfundisha kuvaa kofia ngumu na kumtii mwalimu. Lakini mwili ulioganda kwa hofu humtia farasi wasiwasi, kwa kuwa huusikia mgongoni mwake. Pumua, legeza mabega, naye atatulia.

Tusiseme kwamba kazi hii si ya watu wa kwetu. Kaskazini-mashariki ya Kongo, huko Gangala-na-Bodio karibu na Garamba, Waazande walijifunza katika karne ya 20 kumpanda na kumwongoza tembo wa Afrika, mnyama ambaye wengi walidhani hafugiki.

Liko jambo lingine lizuialo watu wazima kuliko hofu, nalo ni haya. Mwalimu wa farasi aweza kuwa kijana wa miaka ishirini, na mwanafunzi wake mzee mwenye heshima mtaani. Mzee akikataa kuagizwa, atashuka kama alivyopanda. Akikubali, atajifunza. Ndivyo ilivyo pia kwa mama anayeanza kusoma herufi mbele ya binti yake. Kuuliza si ujinga, wala kuanza si aibu.